Kichupa cha tende na lawama za kalibu

Wapenzi wa kioo cha Kirumi hupita haraka mbele ya vichupa vya marashi vilivyopulizwa ndani ya kalibu, yaani chombo kinachokipa kioo umbo lake. Wakiuona mshono ubavuni, pale vipande vya kalibu vilipokutana, moyo huwapoa: kumbe ni kitu cha kufyatua, kama tofali.

Hawakosei kabisa. Kalibu moja ilitoa vichupa vingi vya umbo lilelile, na vipo ambavyo nakshi zake zimefifia hata hujui kama ni ua au uso wa mtu.

Lakini kitazame kichupa cha tende. Katika karne ya 1 BK, mafundi wa Siria ya Kirumi walipuliza vichupa vyenye umbo la tende kavu, virefu kiasi cha kidole, vingi vya rangi ya kahawia, ngozi yote mikunjo. Yaelekea kalibu zake zilitengenezwa kwa kugandamizia tende halisi. Kijaze mafuta ya kunukia, kiweke kwenye sahani ya tende, mgeni atakosea. Rangi hiyo kalibu haikuichagua. Wala si kalibu iliyojua pumzi iwe kali kiasi gani ili kioo kiingie kila kunjo kabla hakijapoa. Na mdomo wa kichupa ulimaliziwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine.

Kuna pia Ennion, fundi wa kioo anayehusishwa na Sidon, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo. Kwenye vikombe na majagi yake aliandika kwa Kigiriki kwamba ameitengeneza yeye, na pengine akaongeza: mnunuzi na akumbukwe. Maneno hayo yamo ndani ya kalibu, kwa hiyo kila nakala hutoka nayo. Wapinzani husema hiyo ni chapa ya biashara tu. Nami nauliza: nani huweka jina lake kwenye kazi anayoionea haya?

Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliandika kuwa marashi hukaa vizuri zaidi ndani ya alabasta. Sawa, ila alabasta ni jiwe, huchongwa kimoja kimoja. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, naye anasema mjini Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu moja ya shaba (ni kikombe, najua). Sarafu hiyo hutolewa kama ushahidi kwamba kioo kilishuka hadhi. Mimi naiona mkononi mwa mtu ambaye baba yake hakuwahi kumiliki kioo.