Nani ashike kalamu ya kupimia moyo?

Akili unde ikitajwa kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mjadala hurukia swali la nani atabaki na kazi, daktari au kompyuta. Kinachogombaniwa hasa ni kidogo zaidi ya hapo: kalamu.

Fundi wa eko husimamisha video pale ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, imejaa damu, akauchora ukuta wake wa ndani, kisha akaisogeza hadi imejikamua, akachora tena. Mashine huligawa umbo hilo visahani 20 na kukokotoa ujazo. Ikitoka mililita 120 na 50, moyo umesukuma asilimia 58 ya damu iliyokuwamo. Mchoro wa pili ukitanuka kidogo tu ukasoma 60, jibu ni 50, na mgonjwa wa kiume keshaandikwa chini ya kawaida, inayoanzia 52. Moyo ni uleule, mkono ndio uliotikisika.

Kwa hiyo jaribio la hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, lililochapishwa 2023, lisomwe polepole. Katika vipimo 3,495, bahati nasibu iliamua namba ya kwanza ya asilimia hiyo itoke kwa programu ya akili unde au kwa fundi, na bingwa wa moyo aliyehakiki hakuambiwa. Namba za mafundi zilibadilishwa kwa zaidi ya pointi 5 katika asilimia 27.2 ya vipimo. Za programu, 16.8. Wapinzani husema kutorekebishwa si kuwa sahihi, na ni kweli, maana mizani hapo ni jicho la bingwa, nalo huyumba. Lakini ndilo jicho linalosaini majibu ya wagonjwa kila siku, na safari hii halikujua linamsahihisha nani. Tena programu haichoki. Mapigo yakienda shaghalabaghala, mwongozo hutaka wastani wa mapigo 5 angalau. Foleni ikiwa mlangoni, fundi hushawishika kupima moja.

Hoja nzito ya upande wa pili haihusu kalamu, inahusu picha. Za jaribio hilo zilipigwa na mafundi wazoefu. Probu, kifaa kinachowekwa kifuani kupiga picha, ikikosa ncha ya moyo, chumba hutokea kifupi na cha mviringo, ujazo unapungua, na programu hulichora kosa hilo kwa unadhifu uleule. Halafu kuna suala la programu ilikosomea: hazina ya wazi ya video za eko, EchoNet-Dynamic, ina video 10,030, zote za Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Programu iliyolelewa hivyo ijaribiwe kwanza kwenye mioyo yetu ya Afrika Mashariki, ikiwemo ile ya vijana ambao vali zao zimekakamaa kwa homa ya baridi yabisi.

Hilo la picha lina kinga rahisi. Linganisha urefu wa ventrikali kwenye picha inayoonyesha vyumba vinne vya moyo na ile ya vyumba viwili. Ukipishana kwa zaidi ya asilimia 10, usiiulize programu kitu: teremsha probu nafasi moja kati ya mbavu, upige upya.