Chumba kimoja si kasoro
Mwandishi wa makala moja anasema filamu ya Detective Story ya mwaka 1951 imechakaa kwa sababu ni tamthilia iliyorekodiwa tu, watu wanaingia na kutoka mlangoni kama jukwaani. Kweli ilitoka jukwaani: Sidney Kingsley aliiandikia Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, na mwongozaji wa filamu, William Wyler, karibu hakuitoa nje ya kituo kimoja cha polisi cha New York. Lakini ufinyu huo ndio unaowabana waigizaji mpaka wakaonyesha walichonacho. Mtazameni Eleanor Parker pale mumewe, mpelelezi anayechezwa na Kirk Douglas, anapoijua siri ya zamani ya mkewe. Haonekani kwa muda mrefu, ila uso wake unakuonyesha ndoa nzima ikivunjika. Halafu Lee Grant, yule binti mwoga aliyeiba mkoba dukani! Amekaa pembeni, anashangaa kila kitu, nawe unajikuta unamwangalia yeye. Nafasi hiyo alishaicheza Broadway, na tamasha la filamu la Cannes likampa tuzo mwaka 1952. Nimeigiza jukwaani miaka kadhaa. Kukaa vile bila kusahauliwa na watazamaji ni kazi ngumu kuliko kupaza sauti. Douglas anapitiliza mahali fulani, hilo nakubali. Mlioiona, nani aliwagusa zaidi?