Homa ya zizini kwetu na maabara ya Kansas

Mwanzoni mwa 2007 Dodoma watu waliacha kula nyama. Nakumbuka vizuri kwa sababu mjomba alikuwa na bucha, na ile homa ya Bonde la Ufa ilivyoingia bucha ikafungwa, ndoano zinaning'inia tupu, watu wote wamehamia kwenye kuku na dagaa mpaka bei ya kuku ikawa haishikiki. Vijijini ndo ilikuwa mbaya zaidi, ng'ombe na mbuzi wanatupa mimba zizi zima, watu wanashikwa na homa afu wengine wanaanza kutoka damu, na kuna walioenda hospitali hawakurudi. Tanzania tulizika watu zaidi ya 100, Kenya nao hivyo hivyo, kwao ilianzia upande wa Garissa mwishoni mwa 2006 baada ya mvua kubwa na mafuriko.

Nimekuja kujua baadaye sana kwamba kipindi kilekile, kule Marekani majimbo yalikuwa yanagombania kujengewa maabara ya kuchunguza magonjwa ya namna hii, na homa yetu ya Bonde la Ufa ikiwemo kwenye orodha. Maabara yenyewe inaitwa NBAF, na ni ya ngazi ya 4 ya usalama, yaani ile ya juu kabisa, ambapo mtaalamu anaingia na suti inayopulizwa hewa kutoka nje na hata hewa ya chumbani haitoki bila kuchujwa. Ilikuwa ije ishike nafasi ya maabara ya zamani ya Plum Island, kisiwa kidogo cha jimbo la New York, iliyofanya kazi hiyo tangu 1954. Na kisiwani haikuwekwa kwa bahati, sheria yao ilikataza kirusi hai cha ugonjwa wa miguu na midomo kuletwa bara, kwa sababu mfugaji yeyote anajua ule ugonjwa unavyoruka boma hadi boma. Hata mwaka 1978 kilishawahi kutoka ndani ya maabara kikaambukiza wanyama waliokuwa nje, ila kikaishia palepale kisiwani kwa sababu maji yalizunguka pande zote.

Sasa 2006 serikali ikatangaza kwamba inatafuta eneo, na maombi yakaja 29. Ilipofika Julai 2007 wakabaki wa mwisho: Kansas, Texas, Georgia, Mississippi na North Carolina, pamoja na chaguo la kubaki palepale kisiwani. Magavana, maseneta, vyuo vikuu, wote wakaingia uwanjani, huyu anatoa ardhi, yule anaahidi umeme na barabara, Kansas wao wakaweka mezani zaidi ya dola milioni 100 za jimbo. Mazungumzo yalikuwa ajira, ajira, heshima ya chuo, kampuni za dawa za mifugo zitakuja. Na mi siwalaumu kutaka ajira, kila mtu anataka mwanae apate kazi karibu na nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba swali la mfugaji, kwamba hiki kitu kikitoka itakuwaje, lilikuja nyuma kabisa ya foleni.

Butner, North Carolina, palipopendekezwa kujengwa maabara, ndo walionifundisha mengi. Ni mji mdogo, una magereza ya serikali kuu, una hospitali ya wagonjwa wa akili, na wakazi wakauliza swali moja la msingi sana: siku ya dharura mnawahamishaje watu ambao wamefungiwa ndani? Hawakupata jibu la kuwaridhisha. Wakaendelea kuuliza, kikao baada ya kikao, mpaka viongozi waliokuwa wameunga mkono wakaanza kujitoa. Kuna watu waliwaona kama wanapinga maendeleo au hawaijui sayansi, lakini ukisoma walichokuwa wanauliza, maji ya bwawa yatakuwaje, nani atatuambia kukitokea ajali, yale ndo maswali yanayotakiwa kuulizwa na mtu anayelala pale.

Desemba 2008 ikachaguliwa Manhattan, Kansas, pembeni mwa chuo kikuu cha jimbo, mwezi uliofuata uamuzi ukawa rasmi. Kansas! Jimbo lenye ng'ombe zaidi ya milioni 6, wamejazana kwenye mazizi ya kunenepesha maelfu kwa maelfu. Na Juni mwaka uleule tornado ilikuwa imepiga mji huohuo na kuharibu majengo ya chuo. Texas wakaenda mahakamani 2009 wakisema hatari ya tornado imepuuzwa, kesi haikufika mbali, na kweli walikuwa wameshindwa kwenye kinyang'anyiro kwa hiyo watu wakaona ni kisasi, ila hoja yenyewe ilikuwa na uzito.

Afu 2010 wataalamu wa akademia ya sayansi ya kwao wakapitia tathmini ya serikali yenyewe wakaona namba zake zinaonyesha karibu asilimia 70 ya uwezekano kwamba ndani ya miaka 50 kirusi cha miguu na midomo kingetoka na kuambukiza wanyama nje, hasara dola bilioni 9 mpaka 50. Asilimia 70! Na hii imejulikana baada ya eneo kuchaguliwa. Waingereza walishaonja, 2007 kirusi hichohicho kilitoka kwenye eneo la maabara za Pirbright, na uchunguzi ukaelekea kwenye bomba bovu la maji taka. Bomba tu.

Wakarudi mezani, michoro ikabadilishwa, kuta zikaongezewa nguvu zihimili tornado, tathmini ikafanywa upya na hatari ikashuka sana kwa hesabu za serikali, japo wataalamu hawakukubaliana na hesabu zote. Gharama ikatoka dola milioni 451 ikafika bilioni 1.25, na jengo likafunguliwa rasmi Mei 2023. Kwa maoni yangu zile kuta nene ni kazi ya watu waliokataa kunyamaza, na walistahili kusikilizwa mwaka 2006 kabla hata fomu ya kwanza haijajazwa, sio 2010.

Lakini sitaki maabara hiyo ifungwe, hapana. Angalia orodha ya magonjwa yake: homa ya Bonde la Ufa iliyotambuliwa huko Naivasha karibu miaka 100 iliyopita, homa ya nguruwe ya Afrika nayo ilielezwa mara ya kwanza Kenya, na homa ya mapafu ya ng'ombe. Wao wanajiandaa isije ikafika kwao, sisi tayari tunaishi nayo. Na mpaka leo, mvua zikizidi, binadamu hana chanjo ya Bonde la Ufa iliyoidhinishwa anayoweza kwenda kuchanjwa zahanati, iwe Kongwa au Garissa. Chanjo hiyo ikitoka huko Manhattan, naomba katoni za kwanza zipandishwe ndege ya kuja huku.