Kabla ya kuamini uvumi wa kamera ya kina, uliza inapima nini

Kila Septemba ikikaribia, uvumi wa simu mpya huwa umeshazagaa kila kona. Zinaanza picha za makava yaliyovuja, inafuata michoro ya kiwandani, kisha linarudi lilelile la kila mwaka: simu ijayo itakuwa na kamera ya kupima kina (umbali kati ya simu na kila kitu kilicho mbele yake), na safari hii uhalisia ulioongezwa, yaani kuona kitu cha kubuni kimesimama sebuleni kwako kupitia kioo cha simu, utakuwa umefika kweli. Nimeufuatilia uvumi huu kwa miaka mingi kwa sababu naipenda teknolojia yenyewe. Na kwa sababu naipenda, inaniuma kuona inavyouzwa. Kihisi cha kina ni chombo cha kupimia. Kampuni zimekitangaza kama kitu cha kuchezea, na ndiyo maana kila mara kinaingia kwa kishindo na kutoka kimyakimya.

Chukua mradi wa Tango. Google waliutangaza Februari 2014: simu inayojua iko sehemu gani ya chumba na kila kitu kilichoizunguka kiko umbali gani. Simu ya kwanza ya Tango kuuzwa kwa mtu wa kawaida, Lenovo Phab 2 Pro, iliingia sokoni Novemba 2016 kwa dola 499. Ilikuwa dude la inchi 6.4, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushangaza mkononi. Asus wakafuata mwaka 2017 na ZenFone AR. Tarehe 1 Machi 2018 mradi wote ukafungwa.

Kilichouzima si ubovu wa kihisi. Juni 2017 Apple walitangaza ARKit, programu iliyoweza kutambua sakafu na meza kwa kutumia kamera moja ya kawaida pamoja na vihisi vya mwendo ambavyo tayari vilikuwa ndani ya iPhone. Mamilioni ya watu wakapata uwezo huo kwa kusasisha simu tu. Agosti mwaka huohuo Google nao wakaja na ARCore yao, iliyofuata njia ileile. Mwaka mmoja kabla, mchezo wa simu wa Pokémon Go ulikuwa umeshatoa watu majumbani na kuwajaza barabarani wakifukuza vikaragosi, bila kihisi chochote cha kina. Kwa hiyo mtu akikwambia lazima ununue simu yenye kifaa hicho ili uone sofa la kubuni sebuleni, mkumbushe kwamba wauza samani wa IKEA walikuwa wanaonyesha masofa hayo tangu Septemba 2017 kwenye simu za kawaida.

Uvumi nao haukukoma. Novemba 2017 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Apple wanaandaa kihisi cha 3D cha mgongoni kwa ajili ya iPhone ya 2019. Mwaka 2019 ukaja ukapita. Kihisi kilitokea kwanza kwenye iPad Pro, Machi 2020, kisha kwenye iPhone 12 Pro Oktoba ya mwaka huo, na kwa upande wa iPhone kimebaki kwenye zile za Pro. Samsung walikuwa wametangulia: waliweka kihisi cha kina kwenye Galaxy S10 5G mwaka 2019, wakakiweka tena kwenye S20 Ultra mwaka 2020, halafu S21 ilipotoka mwaka 2021 hakikuwepo. Ukisoma historia hiyo yote kwa pamoja unaona jambo moja: walikiweka kabla ya kujua mnunuzi atakifanyia nini.

Na ni kifaa cha ajabu, jamani. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Kihisi cha aina ya LiDAR kinatupa mpigo wa leza usioonekana kwa macho, mpigo unagonga ukuta na kurudi, na chombo kinahesabu muda uliotumika. Ukuta ukiwa mita tatu mbele yako, safari nzima ya kwenda na kurudi inachukua nanosekunde 20. Ili kutofautisha sentimita moja na nyingine, inabidi kihesabu vipande vya muda vilivyo chini ya sehemu ya kumi ya nanosekunde. Hilo linafanyika ndani ya tundu dogo kuliko punje ya hindi, mgongoni mwa simu, gizani au kwenye mwanga. Njia nyingine ni ile ya Kinect, kamera ya michezo ya Xbox ya mwaka 2010, ya kumwaga vidoti vya mwanga usioonekana na kusoma vinavyojikunja juu ya uso wa kitu. Kampuni iliyoitengenezea Kinect kihisi hicho, PrimeSense, ilinunuliwa na Apple mwaka 2013, na miaka minne baadaye iPhone X ikaja na vidoti zaidi ya 30,000 vinavyomwagwa usoni mwa mwenye simu ili imtambue.

Hapo kwenye uso, kihisi cha kina kina kazi inayoeleweka. Simu nyingi zinazofunguka kwa uso zinatumia kamera ya kawaida ya mbele, na kamera ya kawaida haina namna ya kujua kama inaangalia pua au picha ya pua. Mwaka 2019 shirika la kutetea walaji la Uholanzi, Consumentenbond, lilipima simu 110, na 42 kati yake zilifunguka kwa kuonyeshwa picha tu ya mwenyewe. Kwetu sisi ambao simu ndiyo pochi na ndiyo kabati la nyaraka, hilo si jambo dogo. Namba ya siri ya M-Pesa bado imekaa mlangoni, sawa. Lakini ni wangapi wameihifadhi namba hiyo kwenye simu hiyohiyo?

Sasa njoo Kariakoo, au pita Luthuli Avenue kule Nairobi, uangalie simu za bei ya kawaida zilizopangwa kwenye kabati la kioo. Nyuma zina lenzi tatu, wakati mwingine nne. Muuzaji atakwambia moja ni ya depth, yaani ya kina, na kwenye boksi utakuta imeandikwa megapikseli 2. Hii ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote. Fanya jaribio rahisi hapohapo dukani: weka kamera kwenye mtindo wa picha ya mtu, ule wa kutia ukungu nyuma, kisha uzibe lenzi hiyo ndogo kwa kidole na upige. Simu kadhaa nilizojaribu ziliendelea kutia ukungu vilevile, mpaka wa ukungu ukikata sikio na ncha za mtandio palepale ilipokata lenzi ikiwa wazi. Maana yake kazi ilikuwa inafanywa na programu, na lenzi ile imewekwa ili mgongo wa simu ufanane na wa simu ghali. Mteja mwenye pesa kidogo ndiye anayelipishwa kwa kitu asichokipata. Afadhali angepewa kamera moja nzuri na betri ya kudumu. Google walionyesha kwenye simu yao ya Pixel 2, mwaka 2017, kwamba kamera moja ya nyuma yenye programu nzuri inatosha kabisa kutoa picha za namna hiyo.

Basi kihisi cha kweli kinafaa wapi? Kuna watu ambao tayari kimebadilisha maisha yao, na hawatajwi sana kwenye matangazo. Tangu mwishoni mwa 2020, programu ya kikuzaji (Magnifier) iliyomo kwenye iPhone za Pro inaweza kumwambia asiyeona kwamba kuna mtu mbele yake na yuko umbali gani. Mwaka 2022 ikaongezewa uwezo wa kutambua mlango: uko wapi, umefunguliwa au umefungwa, unasukumwa au unavutwa. Hakuna mchezo hata mmoja wa uhalisia ulioongezwa ninaouweka kwenye mizani moja na hilo.

Na kuna majengo yetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, pale Forodhani Unguja, iliporomoka pamoja na mnara wake, ikiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, na limo ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kanisa la Notre-Dame lilipoungua Paris mwaka 2019, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alikuwa ameshalipima lote kwa leza miaka kadhaa kabla, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa nyenzo za kulijenga upya. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki miezi mitano tu kabla ya moto. Kazi ya aina hiyo imefanyika kwetu pia: mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Lakini skana za kitaalamu ni ghali, na zinakwenda kwenye majengo yenye majina. Nani ataipima nyumba ya ghorofa moja ndani ya kichochoro cha Malindi, au ile ya Lamu ambayo warithi wamegawanyika na paa limeanza kuvuja?

Hapa ndipo simu inaingia, na inaingia vizuri kuliko watu wanavyodhani. LiDAR ya iPhone inafika kama mita tano. Kwenye ukumbi wa mikutano huo ni umbali mfupi. Lakini vyumba vya nyumba za zamani za mwambao ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, na boriti haivuki sana mita tatu. Ukisimama katikati ya chumba kama hicho, kuta zote mbili za upande zimo ndani ya uwezo wa kihisi. Unazunguka polepole, unainua simu mpaka kwenye boriti, unaishusha hadi kwenye madaka ukutani, na kwenye kioo chumba kinajijenga pembetatu kwa pembetatu. Ndani ya dakika chache una umbo lake, na ukuta uliopinda kwa sababu msingi umezama utauona umepinda.

Ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua. Ramani ya kina ambayo simu hizi zinampa mtengeneza programu ina pikseli 256 kwa 192 tu. Mlango wa Zanzibar ukiupima kwa LiDAR peke yake, utapata fremu, utapata mfaa uliosimama katikati, pengine na vivimbe vya misumari ya shaba. Nakshi zenyewe, minyororo, mayungiyungi na maandishi ya kizingiti cha juu, zitayeyuka na kuwa ubao laini. Nakshi zinataka njia nyingine: picha nyingi za kawaida kutoka kila pembe, zinazopishana, kisha programu inazishona kuwa umbo moja. Njia hiyo inafanya kazi hata kwa simu ya kawaida yenye kamera nzuri. Kihisi kinakupa vipimo vya nyumba, picha zinakupa uso wa mlango, na mtu aliyetulia anaweza kuvifanya vyote viwili asubuhi moja.

Fundi seremala naye asisahaulike, wala fundi vigae. Kwa kipimo cha dirisha la kukatia kioo, futi kamba bado ni mfalme, maana simu inaweza kukosea sentimita nzima na kioo hakisamehe. Ila kwa makadirio ya rangi, vigae au mabati kwenye nyumba yenye kona nyingi, simu inampunguzia kazi ya nusu siku.

Lipo jambo la sitara. Umbo kamili la ndani ya nyumba ya mtu, lenye vyumba, milango na vitu vilivyomo, ni siri ya familia hiyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayepima aombe ruhusa kwa mwenye nyumba, na faili libaki kwenye simu yake au kwenye diski, lisirushwe kwenye seva ya kampuni isiyojulikana. Programu nyingi za bure zinapakia kila kitu mtandaoni bila mtumiaji kugundua, kwa hiyo soma masharti kabla hujaingia nayo chumbani kwa mtu.

Ndiyo maana uvumi wa simu ijayo haunipi presha. iPhone 12 Pro ya mwaka 2020 ina kihisi hiki, na leo inauzwa mtumba kwa bei iliyoshuka sana. Simu moja ya namna hiyo, ikinunuliwa na idara ya usanifu majengo ya Chuo Kikuu Ardhi, au na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inatosha kundi zima la wanafunzi kuanza na mtaa mmoja likizo ijayo: nyumba kwa nyumba, kwa ruhusa ya wenyewe, nakala moja ya faili akabidhiwe mwenye nyumba na nyingine ikahifadhiwe Mamlaka ya Mji Mkongwe.