Ganzi ya neva kwa upasuaji wa ngiri, na usiku unaosahauliwa

Sindano ya ganzi ya mgongoni humtuliza mgonjwa wa ngiri ya kinena kwa saa chache tu. Miguu ikianza kuamka, kidonda nacho kinaamka. Ganzi ya neva, yaani dawa ya ganzi inayowekwa kando ya neva za sehemu inayopasuliwa, ingeziba pengo hilo, lakini hospitali nyingi huiona ni anasa ya wenye ultrasaundi. Si kweli.

Neva zinazolengwa hasa ni mbili, ilioinguino na iliohaipogastriki, zinazopita katikati ya misuli ya ukuta wa tumbo karibu na mfupa wa nyonga. Mpasuaji akiwa tayari ameufungua ukuta huo, anaweza kuweka dawa kwenye neva hizo kwa macho yake mwenyewe. Naipendelea njia hii kuliko kuchoma kwa kukisia juu ya ngozi.

Dawa ya ganzi ya bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 15 hadi 20, hutosha. Kikomo salama ni miligramu 2 kwa kilo: mtu wa kilo 50 asizidi miligramu 100, yaani mililita 40 za dawa hiyo. Chupa ikiwa ya asilimia 0.5, ni mililita 20 tu, na hapo ndipo watu hukosea. Ganzi yoyote nyingine aliyochomwa ijumlishwe. Vuta bomba la sindano kwanza uone kama damu inaingia. Mgonjwa akilalamikia midomo kufa ganzi au masikio kuvuma, acha kuchoma mara moja. Degedege huweza kufuata, na moyo kusimama.

Ganzi hii haifuti kila kitu. Maumivu ya ndani, yatokanayo na kuvutwa kwa kifuko cha ngiri, hubaki. Pia dawa ikitiririka hadi neva ya paja, goti hulegea kwa saa kadhaa, na mgonjwa huanguka akienda chooni. Kabla hajasimama, mwambie anyooshe goti akiwa kitandani.

Kosa kubwa zaidi hutokea wodini. Ganzi huisha baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi usiku, na maumivu hurudi kwa kishindo. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 ianze ganzi ikiwa bado ina nguvu, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo. Tena cheti cha parasetamoli kisiandikwe "2×3", yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku. Mgonjwa atameza asubuhi, mchana na jioni, kisha akae hadi alfajiri bila dawa. Andikeni saa zenyewe: saa 12 jioni, saa 6 usiku, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana.