OptiPlex 9020 na kadi ya michoro: je, wati 75 zinatosha?

Dell OptiPlex 9020 ni kompyuta ya mtumba inayopatikana kwa urahisi, ilishatumika ofisini, na mara nyingi ndani yake kuna prosesa ya i5-4570 ya mwaka 2013. Wengi huinunua kwa ajili ya gemu, halafu linakuja swali la kadi ya michoro: iwekwe ndogo, au mtu ajipinde anunue kubwa moja kwa moja?

Wanaotetea kadi kubwa wana hoja ya kweli: kadi inahamishika. Kadi kubwa kama RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8 ukiichomeka leo kwenye 9020, keshokutwa utaichomoa na kuipeleka kwenye mashine yenye prosesa mpya zaidi kama Ryzen 5 5600, na hapo itafanya kazi kwa nguvu zake zote. Tena, hata kwenye mashine ya zamani, kadi hiyo inakuruhusu kupandisha ubora wa picha bila kupoteza fremu nyingi, yaani picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde.

Tatizo ni muda wa kila fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Prosesa huandaa fremu, kadi huichora. Kama prosesa inatumia milisekunde 22 kuandaa, utaishia kwenye fremu 45 kwa kadi yoyote ile. Ni sawa na jiko la chapati: anayesukuma akiwa mzito, kikaango kikubwa hakiongezi chapati kwenye sahani. Na i5-4570 ina kori nne tu, kila moja ikishika kazi moja kwa wakati. Kwenye gemu zenye miji iliyojaa watu na magari, au mechi za wachezaji wengi, ndiyo inayotangulia kuchoka, na dalili yake ni picha kukwamakwama hata pale wastani wa fremu unapoonekana mzuri.

Kama tayari una kadi fulani, jipime kabla ya kutoa hela. Fungua gemu unayoicheza kweli, zima kikomo cha fremu pamoja na V-Sync (mpangilio unaofunga fremu kwenye kasi ya monita), andika idadi ya fremu, kisha shusha ukubwa wa picha hadi 1280×720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo inayokubana. Zikibaki palepale, ni prosesa. Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa: kori moja inaweza kuwa imejaa kabisa huku jumla ikisoma 50.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo hesabu ya kadi kubwa inapoharibika. Pawasaplai ya 9020 ya mnara ni wati 290, ya ile yenye kasha dogo (SFF) ni 255, na hazina waya wa kulisha kadi. Soketi ya kadi kwenye madabodi inatoa wati 75 tu, wakati RX 6600 inataka 132. Kubadili pawasaplai nako kuna mtego: madabodi hii haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, inatumia ya pini 8 ya Dell, kwa hiyo lazima ununue na adapta yake. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kuunga waya wa SATA, ule wa umeme wa diski, kwenda kwenye kadi. Tafadhali usifanye. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, plagi ya kadi yenye pini 6 inaweza kuvuta 75, na plastiki huyeyuka.

Ndiyo maana kwa mashine hii naona mpaka wa busara ni kadi isiyohitaji waya wa ziada. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inatumia wati 70. GTX 1650 nayo inafaa, lakini hakikisha ni toleo lisilo na tundu la umeme. RX 6400 inavutia kwa wati zake 53, ila ina njia nne tu za PCIe (mawasiliano kati ya kadi na madabodi), na 9020 iko kwenye toleo la 3 badala ya la 4, hivyo upana wa mawasiliano unakuwa nusu ya uliokusudiwa. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, utakwama vibaya. Kwa SFF tafuta kadi fupi kwa kimo (low-profile), na upime unene pia.

Kadi kubwa ningeikubali kwa mtu mwenye tarehe na bajeti ya mashine mpya ndani ya miezi michache. Asiye nayo atakuwa anailipia kadi inayosubiri huku bei yake ikishuka, ndani ya kompyuta ambayo Windows 11 haiitambui rasmi. Hela inayobaki itafanya kazi zaidi kwenye vijiti viwili vya RAM vya GB 8 na SSD.

Kumbuka monita: kadi hizi hazina VGA, hivyo monita ya zamani itahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA.

Dukani, chomeka kadi na ufungue GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, kabla ya kulipa. GTX 1050 Ti nyingi za bei ya kushangaza ni GTS 450 au GTX 550 Ti zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili zijitambulishe kwa jina lingine, na programu hiyo huweka neno FAKE mbele ya jina inapoigundua. Kisha iendeshe gemu kwa dakika 20 ukisikiliza feni.