Skrini ikizimika angani: dira, ramani na saa katika mafunzo ya rubani wa jeshi

Wapo wanaosema kumfundisha rubani wa jeshi kutafuta njia kwa mkono ni kupoteza muda, maana setilaiti humwonyesha alipo kila sekunde. Hoja hiyo ina uzito. Saa moja ya kuruka ni ghali, na rubani wa leo ana rada, redio na silaha za kuangalia kwa wakati mmoja. Kiti cha mwongoza njia nacho kimeshaondolewa katika ndege nyingi.

Lakini tazama hesabu yenyewe. Dodoma hadi Iringa, karibu kusini moja kwa moja, ni kama kilomita 180. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ni dakika 54. Upepo wa mashariki wa kilomita 40 kwa saa usipofidiwa, unakutupa kilomita 36 magharibi. Dawa ni kuelekeza pua ya ndege nyuzi 11 na nusu upande wa mashariki, kubonyeza saa unapoondoka, kisha kuhakiki njiani. Wanafunzi huharibu hapo kwenye kuhakiki: anaona maji, anasema bwawa la Mtera, lililo njiani, hili hapa, anailazimisha ifanane na ramani. Kiangazi maji ya Mtera hurudi nyuma, na ukingo uliochorwa haupo. Saa ndiyo itangulie, ifuate ramani, macho nje yaje mwisho.

Uingereza ililipa gharama ya kudharau haya. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kutafuta njia kulichukuliwa kama kazi ya ziada tu ya rubani. Agosti 1941 ripoti ya Butt, uchunguzi wa serikali yake kuhusu ndege zake za mabomu, iliyopitia picha zaidi ya 600 zilizopigwa na ndege zenyewe, ikaonyesha kuwa kati ya ndege zilizodai kushambulia, 1 tu kati ya 3 ilifika ndani ya maili 5 za shabaha. Juu ya Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, ni 1 kati ya 10. Usiku usio na mwezi, 1 kati ya 15. Na kipimo chenyewe kilikuwa cha huruma: maili 5 ni kilomita 8, duara la kilomita za mraba 200. Aliyelenga stesheni ya Dodoma akaishia karibu kilomita 8 kutoka hapo angehesabiwa kafika.

Watetezi wa mitambo watajibu kuwa mkombozi alikuwa Gee, mtambo wa redio wa kuonyesha ndege njia, ulioanza kazi Machi 1942. Kweli kabisa. Ila kufikia Agosti mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wameshaanza kuuvuruga, na leo mawimbi ya setilaiti nayo hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, rahisi kuzimwa.

Hakuna haja ya kurudisha miezi ya kujifunza kupima nyota ili kujua ulipo. Mkufunzi afunike skrini Mtera ikikaribia, mwanafunzi amalizie kwa saa, na mkufunzi asiguse usukani hadi kosa lipite kilomita 10.